Mchezo wa simu usikuharibie kidole na usingizi

JE, wewe ni miongoni mwa wale ambao wakishaketi tu ndani ya matatu hutoa simu mfukoni na kuanza kukikimbiza kile kidude cha manjano kinachomeza vitone? Kama ndivyo, makala haya yanakuhusu.

Mchezo huo, Pac-Man, si mgeni. Ulibuniwa nchini Japani na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco, na watu wa Tokyo waliujaribu kwa mara ya kwanza mnamo Mei 1980. Enzi hizo ulichezwa kwenye mashine kubwa kama kabati, na kila mara mchezaji alitakiwa kutumbukiza sarafu. Sarafu zikiisha, alikwenda zake nyumbani. Hata mashine yenyewe ilikuwa na kikomo: mchezaji hodari akifika kiwango cha 256, hesabu za mashine zilivurugika, nusu ya skrini ikajaa herufi zisizo na maana, na hakuweza kuendelea.

Mwaka 2015 mchezo huo uliundwa upya kwa ajili ya simu, ukaitwa Pac-Man 256. Ile hitilafu ya zamani sasa ni adui anayekufuata nyuma huku akiimeza njia uliyopita. Njia yenyewe haina mwisho. Unakimbia hadi ukamatwe, kisha unaanza tena. Hapo ndipo afya yako inapoingia hatarini, kwa kuwa kikomo sharti ujiwekee mwenyewe.

Kidole gumba

Madaktari waliyaona madhara ya michezo ya aina hii zamani. Mwaka 1981 jarida la kitabibu la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha habari za maumivu ya kifundo cha mkono yaliyotokana na mchezo wa Space Invaders. Mwaka 1990 jarida hilo hilo lilieleza kisa cha mwanamke wa miaka 35 aliyeumwa vibaya na kidole gumba baada ya kucheza Nintendo kwa saa tano bila kupumzika.

Kwenye simu, kazi yote huangukia kidole gumba. Kano zinazokivuta hupita ndani ya ala nyembamba kwenye kifundo cha mkono. Ukikitelezesha kidole mara mamia kila siku, ala hiyo yaweza kuvimba na kuzibana kano. Maradhi haya huitwa kwa jina la daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeyaeleza mwaka 1895. Huwapata pia akina mama wanaobeba watoto wachanga.

Unaweza kujipima polepole. Kunja kidole gumba ndani ya ngumi, kisha uinamishe mkono kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Ukisikia maumivu makali chini ya kidole gumba, upumzishe mkono huo na umwone daktari. Ukiwahi mapema, mara nyingi mapumziko na kifaa cha kushikilia mkono hutosha. Ukichelewa, huenda ukahitaji sindano au hata upasuaji. Usikimbilie dukani kununua vidonge vya maumivu ili upate kuendelea kucheza.

Macho na shingo

Unapokodolea skrini, hupepesi macho mara nyingi kama kawaida. Macho hukauka, yakawasha na kuona ukungu. Kila baada ya dakika 20, angalia kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20.

Shingo nayo huumia. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, lakini kwa hesabu za daktari wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, mwaka 2014, ukikiinamisha kwa nyuzi 60 shingo hubeba mzigo wa kilo 27 hivi. Inua simu ikaribie usawa wa macho.

Usingizi

Hatari kubwa zaidi ni ya kitandani. Unasema, "Mara moja tu, kisha nilale." Kila ukikamatwa unataka kulipiza, na moyo unakwenda mbio badala ya kutulia. Kumbe saa nane za usiku zimegonga, na saa kumi na moja unatakiwa kuamka uende kazini. Acha simu mbali na kitanda, na usicheze katika saa ya mwisho kabla ya kulala.

Si kila anayependa mchezo ni mgonjwa. Hata hivyo, mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani ziliidhinisha orodha mpya ya magonjwa yenye tatizo la uraibu wa michezo ya video, na orodha hiyo ikaanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine, na kuendelea ingawa unaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12.

Ukimwona mtoto wako anakosa masomo au chakula kwa sababu ya simu, usingoje mwaka uishe. Zungumza naye, mpangie saa za kucheza, na umtoe nje akapige mpira juani. Ukishindwa, tafuta ushauri wa daktari. Wahenga walituonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.