Betri mpya, gari bado haliwaki? Cheki ethi kabla hujamwaga hela

Leo siasa naziweka pembeni, tuongee magari. Najua wengi wetu hapa hatuna gari, lakini kuna braza anaendesha teksi, kuna mjomba ana Noah ya abiria, na likigoma asubuhi wewe ndiye unayetumwa kumwita fundi. Sasa usiende kichwa kitupu.

Hadithi huwa ni ileile. Gari linasema "tik, tik", fundi anatamka betri imekufa. Inanunuliwa mpya. Wiki mbili mbele, tatizo limerudi. "Basi alternata hiyo." Inafungwa nyingine ya mtumba, tatizo liko palepale! Mzee mmoja dereva teksi mtaani kwetu yalimkuta hayohayo. Hela ya ada ya mtoto ikaishia kwenye betri na alternata, kumbe kibovu ni kipande cha waya kilichooza kule chini ya injini. Ndiyo maana naandika.

UMEME LAZIMA URUDI
Umeme wa gari haufiki kwenye taa ukaishia hapo. Unatoka upande chanya wa betri, unafanya kazi, halafu lazima urudi upande hasi. Kwa taa na vitu vingi, njia ya kurudia ni bodi lenyewe la chuma. Hasi ya betri imefungwa kwenye bodi na kwenye injini, na hiyo ndiyo mafundi wanaiita ethi.

Injini imekalia raba, na raba haipitishi umeme. Kwa hiyo lazima uwepo waya wa kuiunganisha injini na bodi au betri. Waya huo ukiota kutu au ukilegea, umeme unatafuta vichochoro. Ndipo unaona vituko: unawasha indiketa na taa nyingine nayo inakonyeza, taa za mbele zinafifia, mishale ya dashibodi inacheza, stata inazunguka kivivu. Wakati mwingine hata kebo ya mafuta au ya gia inapata moto, maana umeme wa stata umeamua kupitia humo!

PIMA, USIBAHATISHE
Azima maltimita, hata ile ya bei chee. Iweke kwenye volti za DC, namba 20.

1. Betri ikiwa imepumzika. Gari likae limezimwa masaa kadhaa, kisha pima kwenye nguzo zake mbili. Volti 12.6 betri imejaa, 12.2 iko kama nusu, chini ya 12 imeisha chaji. Ila kuisha chaji siyo kufa. Ichajiwe kwanza ndipo ihukumiwe.

2. Wakati wa kupiga stata. Mwenzako awashe huku wewe unaangalia mita. Kama betri ilikuwa imejaa halafu inaporomoka chini ya 9.6, betri imechoka, au stata inakula umeme kupita kiasi. Lakini kama mita imebaki juu, tuseme 11 na kitu, na stata bado inajivuta, betri muiache. Umeme upo ila haufiki. Tafuteni kwenye nyaya na ethi, na kwenye stata yenyewe.

3. Injini ikiwa inawaka. Kwa magari mengi tunayoyaona mtaani mita isome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa na feni, isishuke chini ya 13. Ikisoma 12 na inazidi kushuka, betri haichajiwi. Angalia mkanda kama umelegea, fyuzi kubwa, soketi ya nyuma ya alternata, halafu kaboni zake. Ikipita 15, regyuleta inazidisha na itaichemsha betri. Baadhi ya magari ya kisasa kompyuta yake hupandisha na kushusha chaji yenyewe, kwa hiyo hayo usiyahukumu kwa kipimo kimoja.

4. Ethi yenyewe. Hapa ndipo mafundi wengi wanaparuka. Ncha moja ya mita iguse nguzo hasi ya betri (nguzo, siyo kile kibanio cha waya), nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Mwenzako apige stata. Ukiona 0.2 au chini yake, safi. Ikivuka 0.5, umemkamata mchawi! Halafu washeni injini na taa zote, pima tena kutoka nguzo hasi hadi bodi, na hadi ganda la alternata. Hapo iwe karibu na sifuri.

Kuna mtu atasema mbona waya ukipimwa kwa omu unaonekana mzima? Piga hesabu ya fizikia ya sekondari: volti ni ampea mara omu. Stata ikivuta ampea 150 na kiungo kina ukinzani wa omu 0.01 tu, umepoteza volti 1.5 njiani. Hiyo 0.01 mita ya kawaida haiioni kabisa. Ndiyo maana ethi inapimwa ikiwa kazini.

Huna mita? Chukua waya mmoja wa kubusti, funga kutoka hasi ya betri hadi chuma cha injini. Gari likiwaka fasta kuliko mwanzo, ethi ndiyo mbovu.

KUTENGENEZA
Fungua hasi kwanza, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji yenye soda ya kuumulia maandazi, usiguse macho. Piga msasa mpaka chuma king'ae, pale waya unapokutana na bodi pasiwe na rangi wala kutu. Kaza vizuri, paka grisi juu. Waya uliooza badilisha, tena uweke mnene.

Jambo moja zito: kuna mafundi wanachomoa betri huku injini inawaka ili "kupima" alternata. Kataa! Volti zinaruka ghafla na zinaweza kuunguza kompyuta ya gari na dayodi za alternata. Na sigara mbali, betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka.

Kwa hiyo siku fundi akisema "hii betri imekufa", muulize kwa adabu tu: "Umepima ukapata volti ngapi, fundi?" Asipokuwa na namba, hela ibaki mfukoni kwanza.

Mafundi rewaya mliomo humu, nyongeza zenu tafadhali. Na mwenye gari linalosumbua aandike dalili na namba alizopima hapo chini, tusaidiane.