Likasi: Lensi za kuvaa usiku zinapunguza mwendo wa miopi ya vijana, lakini haziponyeshi

Ku masomo ya Likasi, toka Kikula mpaka Panda, walimu wanajua mutoto wa namna hii: anakunja macho mbele ya tablo, anachungulia kaye ya mwenzake, na mu mutiani anaandika 3 pahali pa 8. Wamoja wanamuita muvivu. Kumbe shida haiko mu kichwa, iko mu macho. Kitabu chenye kuwa karibu anakiona muzuri, lakini tablo yenye kuwa mbali inakuwa sawa moshi. Hali hiyo inaitwa miopi.

Muzazi mwenye kutafuta dawa yake ku telefone anaweza kukuta habari ya ajabu: kuko lensi ndogo zenye kijana anavaa usiku wakati wa kulala, anazitosha asubui, na muchana muzima anaona mbali bila lineti. Zaidi ya ile, zinafanya miopi isiongezeke mbio. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini iko na upande wa pili wenye muzazi anapaswa kujua mbele ya kutosha makuta.

Miopi inatoka wapi?

Jicho la mutu mukubwa liko na urefu wa milimetre 24 hivi. Kwa mwenye miopi, mara mingi jicho linarefuka kupita kipimo. Picha yenye ilipaswa kuanguka ku retina, ni kusema ile ngozi ya nyuma yenye kupokea mwangaza, inaanguka mbele yake. Milimetre 1 tu ya kuzidi inaleta karibu dioptri 2 na nusu ao 3. Dioptri njo kile kipimo chenye munganga anaandika ku karatasi ya lineti: -1, -2, -3 na kuendelea.

Wakati mutoto anakomaa, jicho nalo linaendelea kurefuka. Mwenye kuanza na -1 ku miaka 8 anaweza kufika -5 mbele ya kumaliza masomo ya sekondari. Lineti inamusaidia kuona tablo, lakini hairudishi jicho ku urefu wa zamani. Na wakati miopi inapita -6, mutu anakuwa mu hatari kubwa zaidi ya retina kubanduka, ya glakoma, na ya kupoteza macho akiwa muzee. Juu ya ile, waganga wa macho wanajiuliza maulizo mawili: mutoto anaona ginsi gani leo, na jicho lake litakuwa na urefu gani akifika miaka 20?

Utafiti wenye ulitoka mu 2016, ukiongozwa na Brien Holden wa Australia, ulihesabu kama mu 2050 karibu nusu ya watu wa dunia watakuwa na miopi. Afrika iko na watu wachache wenye miopi kuliko Asia ya mashariki, lakini maisha ya mu muji, kusoma mingi na kukaa ndani vinafanya hesabu hiyo ipande.

Lensi za usiku zinatumika ginsi gani?

Njia hiyo inaitwa ortokeratolojia. Haiko ya jana: mu 1962, munganga wa macho George Jessen alieleza wazo hilo kule Chicago, Marekani. Zamani lensi zilivaliwa muchana. Mu 2002, serkali ya Marekani ikaruhusu za kwanza za kulala nazo.

Lensi yenyewe iko ngumu kidogo, ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na inaacha oksijeni ipite. Mutoto akilala, inakaa juu ya konea, ni kusema kile kioo cha mbele cha jicho. Polepole inalaza katikati ya konea kidogo sana, sawa vile mutu anapangusa donge la unga na mukono. Asubui, mwangaza unaingia vizuri na mutoto anaona mbali.

Lakini konea haisahau umbo lake. Mutoto akiacha kuvaa lensi, siku kidogo ao wiki chache tu na miopi yake inarudi sawa zamani. Njo maana munganga mwaminifu hawezi kusema lensi hizi zinaponyesha.

Basi zinapunguza mwendo ginsi gani? Watafiti wengi wanafikiri kama umbo lile jipya la konea linabadilisha ginsi mwangaza unafika ku pembeni za retina, na jicho linapokea alama ya kuacha kurefuka mbio. Utafiti wenye kujulikana sana ulifanyika Hong Kong na matokeo yakatoka mu 2012. Watoto wa miaka 6 mpaka 10 waligawanywa mu makundi mawili: wamoja lensi za usiku, wengine lineti za kawaida. Kiisha miaka 2, macho ya wale wa lensi yalikuwa yamerefuka 43% pungufu kuliko ya wale wa lineti. Ni kusema jicho halikusimama, lilipunguza mwendo. Ni tofauti kubwa kwa mutoto mwenye miopi ya kupanda mbio.

Hatari kubwa iko mu maji

Kulala na kitu mu jicho kunafungulia vidudu mulango. Konea ikipata kidonda chenye vidudu, kinaweza kuacha kovu, na kovu katikati ya konea linaweza kuzima jicho. Hesabu yenye ilifanywa Marekani na kutolewa mu 2013 ilikuta kama watoto 14 juu ya 10 000 wanapata ugonjwa huo kila mwaka. Haiko wengi, lakini ile ni hesabu ya inchi yenye munganga wa macho hakai mbali.

Adui wa kwanza ni maji. Kuko kidudu kimoja, akantameba, chenye kuishi mu maji ya robine, ya kisima, ya forage na ya mutoni, na ni vigumu sana kukiua kikishaingia mu konea. Kwa hiyo lensi haisafishwi na maji ya Regideso, hata yakiwa meupe namna gani. Haisafishwi pia na maji ya chupa ya kunywa, wala na mate. Inaomba dawa yake ya pekee, mupya kila siku. Mikono inanawishwa na sabuni, kiisha inapanguswa mpaka inakauka kabisa. Fikiria sasa kijana wa miaka 13, usiku kuran imekatika, anaweka lensi mu mwangaza wa telefone. Hapo njo familia inapaswa kujiuliza kama itaweza.

Kuko pia bei na mwendo. Marekani, mwaka wa kwanza mara mingi unakula zaidi ya dola 1 000. Munganga anapaswa kupima umbo la konea na mashini ya kazi hiyo, kumuona mutoto asubui ya kwanza, kiisha wiki moja, kiisha mwezi, na kuendelea kila miezi michache. Kwa familia ya Likasi, hata kama munganga huyo angepatikana Lubumbashi, ni kilometre 120 hivi kwenda na 120 kurudia, kila mara.

Maulizo ya kuuliza mbele ya kulipa

Mutu akileta lensi hizi, muzazi amuulize: Iko wapi mashini ya kupima konea? Dawa ya kusafisha itapatikana wapi mwezi wenye kuja? Nani atamuona mutoto wangu jicho likiwa jekundu siku ya posho usiku? Kama jibu linakosa hata kwa moja, makuta ibaki mu mufuko. Lensi za kununua ku soko ao ku telefone bila kupimwa ni hatari tupu.

Na kwa mwenye kuvaa lensi yoyote: jicho likiuma, likiwa jekundu ao likichukia mwangaza, lensi itoshwe mara moja na mutoto afike kwa munganga siku ileile. Asitiwe matone ya kortizone ya farmasi, wala majani ya mufumu.

Yenye kila familia inaweza kuanza nayo

Ya kwanza ni kupima. Muzazi afunike jicho moja la mutoto, amuombe kusoma bango la mbali, kiisha lile lingine. Kama anashindwa, ao anakaribia sana televizyo na kitabu, aende kwa munganga wa macho. Mwalimu naye amukalishe mbele wakati wa kungojea.

Ya pili ni lineti yenye kipimo kamili. Watu wengi wanasema lineti inaharibisha macho, ao inafaa kuwa ya nguvu kidogo ili jicho "lisizoee". Utafiti wa Malaisia wa 2002 ulionyesha kinyume: watoto wenye walipewa lineti ya kupunguzwa nguvu, miopi yao ilipanda mbio zaidi.

Ya tatu haiombi hata franka moja: jua. Mu muji wa Guangzhou, China, masomo fulani yaliongeza dakika 40 za kuwa inje kila siku. Kiisha miaka 3, watoto 30% hivi walikuwa wamepata miopi, pahali pa karibu 40% ku masomo mengine. Mwangaza wa inje unakinga zaidi mbele miopi haijaanza, na Likasi hauko na bei. Mutoto acheze inje saa 2 kwa siku, bila kuangalia jua lenyewe, na telefone ipumzike.

Lensi za usiku zinasaidia kijana mwenye miopi ya kupanda mbio na familia yenye kuweza kuzifuata kila siku bila kukosa. Kwa wengine wote, mutoto mwenye lineti ya kipimo chake, mwenye kucheza inje na kupimwa tena kila mwaka, hakubaki nyuma. Mwenye kubaki nyuma ni yule mwenye angali anaitwa muvivu.