Kalemie: Watu wanafuata usalama, soko linafuata watu

Mtu anayefika Kalemie kwa boti anauona mji karibu wote kwa mara moja. Mbele kuna bandari na reli. Nyuma yake kuna Avenue Lumumba na maduka yake, na nyuma ya maduka vilima vinaanza kupanda. Nafasi kati ya ziwa na mlima ni ndogo. Ndiyo maana kwa miaka mingi biashara kubwa ya mji ilikaa mahali pamoja: aliyetaka kitenge, misumari, dawa ao gunia la sukari alishuka mwambaoni.

Leo nyumba zimepanda vilima, zimevuka mto Lukuga na kufuata njia ya uwanja wa ndege. Kila mahali nyumba zinapofika, meza za kuuzia zinafika pia. Makao makuu ya jimbo la Tanganyika yanapanuka pande zote, na mara nyingi watu wanajenga kwanza, barabara na maji vinafuata nyuma, ao havifuati kabisa.

Kwa familia inayotafuta kiwanja, bei si swali la pekee. Kiwanja kimoja kinaweza kuingiliwa na ziwa, kingine kukatwa na mvua, kingine kuchukuliwa na mtu mwingine mwenye karatasi.

Zamani watu walifuata kazi

Kalemie ilianza kama ngome ya askari. Mwaka 1891 kapiteni Jacques, Mbelgiji, alijenga kituo karibu na ziwa na kukiita Albertville. Lakini kilichofanya mji ni reli. Mwaka 1914 Wajerumani walifikisha reli ya Dar es Salaam mpaka Kigoma, ngambo ya ziwa. Mwaka 1915 reli ya kampuni ya CFL kutoka Kabalo ilifika Albertville. Tangu hapo mzigo wa mto Lualaba uliweza kushuka kwa treni, kuvuka ziwa na kwenda mpaka bahari ya Hindi.

Bandari ilitaka wapakuzi, reli ilitaka mafundi, na baadaye kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilitaka wafanyakazi wa pamba na nyuzi. Wazungu waliishi kwao, Waafrika wakawekwa katika mitaa yao ya pembeni, kama ilivyokuwa katika miji yote ya Kongo ya Wabelgiji. Mpangilio huo ulikuwa wa ubaguzi, lakini mji ulikua kwa sababu moja iliyo wazi: kulikuwa na kazi ya mshahara.

Kiwanda kilifungwa, na treni haikubaki na nguvu zake za zamani. Hata hivyo mji haukuacha kukua. Mwaka 2015 jimbo la Katanga liligawanywa, na Kalemie ikawa makao makuu ya jimbo jipya lenye wilaya sita: Kalemie, Moba, Manono, Kabalo, Kongolo na Nyunzu. Ofisi za jimbo zilileta watumishi, mashirika na nyumba za kupangisha. Lakini wengi waliokuja baada ya hapo hawakuja kutafuta ofisi. Walikuja kutafuta mahali pa kulala bila hofu.

Vita vilichora mitaa mipya

Katikati ya mwaka 2016 mapigano kati ya wanamgambo wa Watwa na wale wa Waluba yalienea katika vijiji vya Nyunzu, Kabalo, Manono na Kalemie yenyewe. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu nusu milioni waliohamishwa katika jimbo. Wengi walikimbilia pembezoni mwa mji. Majina ya Katanika, Kalunga na Kikumbe yakajulikana kama majina ya kambi za wahamishwa, zenye vibanda vya nyasi na maturubai.

Wengine walirudi vijijini. Wengine walikuta nyumba zao zimechomwa, ao hawakuwa na hakika ya amani, na wakabaki. Aliyebaki mwaka mmoja alianza kulima bustani. Aliyebaki miaka mitatu alitafuta matofali. Hivyo ndivyo kambi inavyogeuka kuwa mtaa: bila tangazo, bila ramani, nyumba moja baada ya nyingine.

Mwaka 2025 kundi lingine likafika. Vita vya Kivu Kusini vilipofika Bukavu katika mwezi wa pili, familia nyingi zilishuka ziwa kwa mitumbwi na boti mpaka Kalemie. Wenye ndugu walipokelewa nyumbani, wenye pesa kidogo walipanga chumba, wengine waliingia katika shule na makanisa. Jamaa ya watu saba inapopokea wengine sita, jambo la kwanza linalotafutwa ni chumba cha kuongeza, na chumba cha kuongeza kinapatikana kwa bei nafuu pembezoni.

Ziwa nalo linasukuma

Upande wa mwambao ni ziwa linaloondoa watu. Katika miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda sana. Maji yaliingia katika nyumba, maduka na njia zilizo karibu na ufuko. Kigoma, Bujumbura na Uvira zilipata shida hiyo hiyo.

Wengi waliona jambo hilo kama ajabu. Lakini historia ya ziwa inasema kingine. Mto Lukuga, unaoanzia hapo hapo Kalemie, ndio mlango wa pekee ambamo maji ya Tanganyika yanatoka. Mwingereza Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliukuta umezibwa na majani na matope. Ziwa lilikuwa limejaa mpaka juu. Karibu na mwaka 1878 kizuizi kilibomoka, maji yakatoka kwa nguvu kuelekea Lualaba, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita zipatazo 10.

Maana yake ni kwamba sehemu za tambarare za mwambao, ambako leo kuna nyumba na vibanda, miaka 150 iliyopita zilikuwa chini ya maji. Ziwa lilipanda tena sana mwaka 1964. Wazee wanaokumbuka mwaka huo wanajua kwamba maji hayavamii kiwanja cha mtu. Yanarudi mahali yalipowahi kukaa.

Sehemu kubwa ya maji ya ziwa inaondoka kwa kukaushwa na jua. Kinachobaki kinategemea Lukuga. Mchanga unaposhuka kutoka vilima vilivyokatwa miti, na takataka zinapotupwa mtoni, mlango huo unakuwa mwembamba. Kwa hiyo namna mitaa ya juu inavyojengwa inagusa moja kwa moja usalama wa maduka ya chini.

Kupanda mlima pia si dawa ya kila kitu. Tarehe 5 mwezi wa 12 mwaka 2005 tetemeko la nguvu ya 6.8 lilitikisa ziwa, na nyumba nyingi za Kalemie zilianguka. Nyumba ya matofali mabichi iliyosimama juu ya mteremko bila msingi mzuri inaogopa tetemeko, na inaogopa mvua ya mwezi wa nne pia.

Soko linavyozaliwa

Hakuna anayetangaza soko la mtaa mpya. Linaanza na mama mmoja anayeweka meza mbele ya nyumba: ndagala kwa mafungu madogo, chumvi, nyanya, mafuta ya mawese katika chupa. Pembeni anaweka makala. Ndagala amezinunua asubuhi mwambaoni, wavuvi wanaporudi na taa zao, akazipandisha kwa kichwa ao kwa pikipiki.

Baadaye anakuja kijana mwenye sola anayechaji simu na kuuza yunite. Kisha mashine ya kusaga mahindi na muhogo. Palipo na mashine ya kusaga, wanawake wanangoja zamu, na palipo na watu wanaongoja, kila kitu kinaweza kuuzwa. Wamotari wanaweka kituo chao. Mwishowe linafunguliwa duka la mabati, misumari na saruji, kwa sababu kila mtu hapo anajenga.

Hesabu ya mama wa pembezoni ni rahisi. Akishuka mjini kwa pikipiki kununua kopo mbili za unga, nauli inakula faida. Mtaani bei ni ya juu kidogo, lakini anaweza kununua kidogo kidogo na hata kukopa, kwa sababu muuzaji anamjua. Kwa familia inayopata pesa ya siku kwa siku, soko la karibu ndilo linaloamua kama watoto watakula mara moja ao mara mbili.

Lakini soko hilo linakaa kando ya barabara, mara nyingi juu ya barabara yenyewe. Halina mfereji, halina choo, halina mahali pa takataka. Mvua ikinyesha, wauzaji wanakunja meza. Na siku barabara itakapotaka kupanuliwa, watakaofukuzwa wa kwanza ni hao mama walioleta uhai mtaani.

Gharama ya kuishi mbali

Kalemie ni mmoja wa miji ya Kongo ambako kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Mwaka 2013 na mwaka 2014 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilichanja maelfu ya wakaaji dhidi ya ugonjwa huo. Chanjo inasaidia, lakini haiondoi sababu: mtu asiye na bomba anachota ziwani ao mtoni, mahali pale pale watu wanapofua na kuoga.

Bomba la Regideso linafuata mji wa zamani kuliko mitaa mipya. Umeme ni vilevile. Mji unategemea maji ya mto Kyimbi kule Bendera, upande wa kaskazini, kituo kilichojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya mji mdogo kuliko huu. Ndiyo sababu pembezoni sola na makala vimechukua nafasi. Na kila gunia la makala linatoka katika miti iliyokuwa ikishika udongo wa vilima.

Karatasi inayolinda

Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa saba mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na sheria hiyo inaeleza kwamba haki hiyo inathibitika kwa cheti cha usajili. Cheti kikipita miaka miwili, ni vigumu sana kukipinga mahakamani.

Pembezoni mwa mji mambo yanaenda kwa njia nyingine. Mnunuzi anaongea na mwenye shamba ao na chifu, wanashuhudia jirani, wanaandika karatasi, pesa zinatolewa. Karatasi hiyo inaheshimiwa mtaani. Mahakamani haina uzito sawa na cheti. Mtu aliyejenga miaka kumi kwa karatasi ya ushuhuda anaweza kukutana na mwingine aliyepitia ofisi ya hati za udongo na kupata cheti juu ya kiwanja hicho hicho.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata franga moja, mnunuzi anafaidika kuuliza mambo manne. Maji yalifika wapi mwaka 2021 na mwaka 2024? Jirani watamwonyesha alama ukutani. Mvua inapita wapi ikishuka kutoka mlimani? Kiwanja kina namba gani katika ofisi ya udongo, na kwa jina la nani? Na njia ya mtaa itapita wapi, ili nyumba isisimame juu yake?

Jirani wa ziwa

Kongo inashiriki ziwa hili na Burundi, Tanzania na Zambia, na mwaka 2003 inchi hizo nne zilitia sahihi mapatano ya kulilinda pamoja. Burundi, kwa sheria yake ya maji ya mwaka 2012, iliweka mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika ambamo ujenzi unakatazwa. Tanzania, kwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004, iliweka mita 60 kutoka mwambao. Sheria hizo hazikuzuia watu wote kujenga karibu na maji, na Bujumbura imeona nyumba nyingi zikizama. Kipimo cha kwenye karatasi kinasaidia pale tu kinapowekewa alama ambazo kila mkaaji anaziona, na pale anayeondolewa anapoonyeshwa mahali pengine pa kukaa.

Kwa Kalemie, kazi inaweza kuanza na mambo madogo. Kamba na vigingi vinavyoonyesha njia kabla watu hawajajenga vina bei ndogo kuliko kubomoa nyumba baadaye. Uwanja mmoja ulioachwa wazi kwa ajili ya soko, wenye bomba, choo na mfereji, unagharimu kidogo kuliko kutibu kipindupindu kila mwaka. Miti inayobaki juu ya kilima inalinda duka lililo chini.

Watu wa Nyunzu, wa Bukavu na wa mwambao uliozama wameshachagua mahali pa kukaa, na wameshaanza kuuziana. Kila msimu wa mvua unaopita bila vigingi, nafasi ya barabara, ya shule na ya soko inazidi kujengwa nyumba, na gharama ya kuirudisha italipwa na wale wale waliokwisha kukimbia mara moja.