MAZAO YA KUMFAA MKULIMA AANZAYE KATIKA MACHAKOS

Mtu apatapo kishamba chake cha kwanza, agh. nusu eka au pungufu, swali la kwanza huwa hili: apande nini? Wengi hutamani mbegu yenye sifa ya kuzaa magunia mengi. Lakini katika Machakos, mbegu izaayo sana kwingine yaweza kumwacha mwenyewe na mabua matupu.

Sababu yake ni mvua. Kaunti hiyo hupata misimu miwili mifupi, yaani masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Na ya vuli ndiyo ya kutumainiwa zaidi. Mahindi ya nchi ya baridi na mvua nyingi, kama yale ya Kitale yaitwayo H614, huhitaji miezi 6 hadi 8 shambani. Yakipandwa katika nchi kavu, mvua hukatika kabla hayajatia punje.

Kwa ajili hiyo wataalamu wa kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, walitafuta mahindi yakomaayo upesi. Katika miaka ya 1960 walitoa mbegu iitwayo Katumani Composite B. Mahindi hayo hutoa maua baada ya siku 60 hivi, na huwa tayari kwa miezi 3 hadi 4. Yafaa kufahamu ya kuwa hayashindani na jua, bali hulikimbia: humaliza kazi yao jua kali lisijafika. Mvua ikiwa nyingi, mbegu nyingine zaweza kuyapita kwa mavuno; mvua ikiwa haba, ndiyo yatakayojaza chungu. Tena, kwa kuwa si mbegu ya chotara, mkulima aweza kujichagulia mbegu ya msimu ujao kutoka magunzi mazuri ya katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani.

Hata hivyo, si busara kutegemea zao moja. Kunde ni rafiki wa aanzaye, maana majani yake huchumwa kuwa mboga baada ya majuma machache, na punje hufuata baadaye. Mbegu za K80 na M66 zafaa kwa majani na kwa punje pia. Pojo, ambazo Wakamba na watu wengi wa Kenya huziita ndengu, huiva kwa miezi 2 au zaidi kidogo. Nazo hupata bei nzuri sokoni. Maharagwe ya Katumani, kama KAT B1, nayo ni ya kukomaa upesi.

Mbaazi ni za namna nyingine. Mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji. Zile za asili hupandwa pamoja na mahindi wakati wa vuli, nazo hubaki shambani mahindi yakiisha kuvunwa, hata zivunwe katikati ya mwaka ufuatao. Hivyo huleta chakula wakati ghala inapopungua. Mahindi na mbaazi zikipikwa pamoja ni isyo, chakula kijulikanacho katika kila nyumba ya Ukambani. Mtama pia huvumilia ukavu, ila lazima awepo mtu wa kufukuza ndege. Na pembeni pafaa mihogo michache, iwe akiba ya mwaka mbaya.

Mbegu njema peke yake haitoshi. Shamba likiwa mtelemko, lichimbiwe matuta ya fanya juu: mtaro hufuata usawa wa kilima, na udongo wake hutupwa upande wa juu, ili maji yasimame na kuzama. Kisha mbegu itiwe ardhini mapema, kabla ya mvua au pamoja na mvua ya kwanza, maana kila siku ipoteayo ni maji yapoteayo. Mahindi ya Katumani hupewa nafasi ya sentimita 90 kati ya mistari na 30 kati ya shina na shina. Yakisongana, hunyang'anyana maji.

Mwisho ni hifadhi. Mwaka 2004 sumu ya kuvu iliyo katika mahindi yasiyokauka iliwapata watu 317 katika mashariki ya Kenya, Machakos ikiwa miongoni mwa sehemu hizo, na 125 kati yao wakafa. Sumu hiyo haiondolewi kwa kupika. Basi mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, wala si juu ya udongo mtupu. Ili kuyapima, tia punje chache na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, kisha tikisa. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi bado ni mabichi, nayo yarudishwe juani.

Mkulima akipanda nusu ya kishamba chake mahindi ya Katumani yaliyochanganywa na mbaazi, na nusu nyingine kunde, ndengu na maharagwe, hatakuwa na zao moja la kujivunia. Lakini msimu ukiharibika, hatakosa kitu cha kutia chunguni. Akiba haiozi.