Chuja data ya mashamba kwa amri, si kwa kubonyeza

Ukitoka agronomia, kazi hii itakufikia tu: koperative inakupa faili ya mashamba yote ya wanamemba, halafu inaomba "ya Kalehe tu, ya kahawa tu, yenye kupita hektari 4". Wengi wanafungua QGIS na kubonyeza shamba moja moja. Kwa mashamba 30, sawa. Kwa 3000, utachoka, na swali likibadilika kesho unaanza upya.

Juu ya nini hektari 4? Sheria ya Umoja wa Ulaya 2023/1115 inaomba kahawa na kakao zinazoingia kule zionyeshe shamba zilikotoka, na kwamba pori halikukatwa pale kisha tarehe 31/12/2020. Shamba lenye kupita hektari 4 linachorwa mpaka wote; la hektari 4 ao chini, nukta moja inatosha. Tarehe ya kuanza imesogezwa, lakini kupanga faili si kazi ya siku moja.

QGIS inakuja pamoja na GDAL, ya bure, na haiombi intaneti. Andika kwa mstari mmoja:

ogr2ogr -f GeoJSON -t_srs EPSG:4326 kalehe.geojson mashamba.gpkg -where "territoire = 'Kalehe' AND culture = 'kahawa' AND surface > 4"

Sehemu ya -where ndiyo chujio. Maneno yanawekwa kati ya alama ' ', namba hapana. -t_srs inageuza vipimo kuwa latitudo na longitudo, hata kama mlipima kwa UTM 35S. Faili ya mwanzo haiguswi.

Sasa mitego tatu:

1. Maandishi. Mu GeoPackage, 'KALEHE' si 'Kalehe', na nafasi tupu nyuma ya jina inatosha kulifukuza shamba. Andika UPPER(TRIM(territoire)) = 'KALEHE'.

2. Kolone tupu. Hii ndiyo mbaya zaidi. Shamba ambalo halikupimwa haliingii mu "surface > 4", haliingii mu "surface <= 4" pia. Mashini haitakuambia kosa lolote. Mulimaji anapotea mu liste zote mbili, na kahawa yake inaweza kubaki bila munuzi. Toa liste ya tatu: surface IS NULL. Kisha hesabu: liste tatu pamoja lazima zilingane na mashamba yote ya kahawa ya Kalehe. Zisipolingana, usitume kitu.

3. Shapefile. Jina la kolone halipiti herufi 10: "cooperative" inakatwa kuwa "cooperativ", na amri yako ya jana haitalipata tena. Tumia GeoPackage.

Mwisho, weka amri zako mu faili ndogo ya maandishi, pamoja na tarehe. Mwaka ujao mashamba yakiongezeka, utaziendesha tena zilezile, na mwenzako atakayekuja kisha yako ataona namna liste ilivyopatikana.