Majina ya wapagazi yako wapi?

Ukitoka Nzega kwenda Tabora utapita Puge. Niliposhuka hapo, mzee mmoja alinionyesha mjukuu wake akasema, "Huyu ni babu yangu." Mtoto amepewa jina la babu wa mzee huyo, aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani, asirudi. Kaburi lake halijulikani. Kilichobaki ni jina.

Vita hivyo ndivyo Vita Kuu ya Kwanza, ya 1914 hadi 1918. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Wajerumani waliokimbia, na Wabelgiji na Waingereza waliowafukuza, wote walihitaji mabega ya kubeba risasi, chakula na majeruhi, maana barabara zilikuwa chache na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Mnyamwezi, ambaye wazee wake walipeleka pembe za ndovu pwani kwa ujira, safari hii alibebeshwa kwa amri. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja. Kwa hesabu zao wenyewe walikufa karibu 95,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Mkazi wa Dar es Salaam ataniambia: mbona tuna Sanamu ya Askari? Kweli, ilizinduliwa mwaka 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi pia. Hata Kariakoo tunayonunulia mchicha imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi. Lakini izunguke sanamu ile pande zote. Hutaona jina la hata mmoja wao.

Na hawakusahauliwa kwa bahati mbaya. Tume ya Uingereza iliyoshughulikia makaburi ya vita ilimpa Mzungu jiwe lenye jina lake, Waafrika ikawapa sanamu za pamoja. Gavana wa Tanganyika wakati huo, Horace Byatt, aliona makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Yakarudi.

Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Watakuwapo wa kusema kwamba karatasi zimepotea. Nyingine zimepotea kweli. Lakini Januari 2025 huko Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu yenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika waliofia katika vikosi vya kazi vya vita hiyo hiyo. Kumbe majina hutafutwa, yakapatikana.

Kabla sijapanda basi nilimwuliza yule mzee kama kuna mtu aliyewahi kufika kuandika jina la babu yake. Akasema mimi ndiye wa kwanza. Kisha akaomba daftari langu, ahakikishe kwamba sikulikosea.