RFID: Stika inayohesabu mali za kampuni, na pale inapokwama

Mwisho wa mwaka wa fedha, kwenye ofisi nyingi hali ni ileile. Mtunza stoo na mhasibu wanazunguka chumba kwa chumba na karatasi mkononi, wanainama chini ya meza kusoma namba iliyoandikwa kwa makapeni nyuma ya kompyuta, nusu imeshafutika. Ikikosekana projekta moja, wa kwanza kuulizwa ni mtunza stoo. Wapo wanaokatwa mshahara kwa kitu ambacho kumbe kiko ghorofa ya juu tu, kimeazimwa na hakuna aliyeandika.

Kazi hiyo ndiyo RFID inayokuja kuipunguza. Ni stika yenye chipu ndogo na antena nyembamba. Ya kawaida haina betri kabisa: mashine ya kusomea inarusha mawimbi ya redio, antena inanasa nguvu kidogo kutoka kwenye mawimbi hayohayo, chipu inaamka na kurudisha namba yake.

Bakodi ya dukani lazima ionekane, tena moja moja. RFID haihitaji kuonekana. Kabati la mbao likiwa limefungwa, vilivyomo ndani bado vinasomeka. Mashine nzuri husoma mamia ya stika kwa sekunde, kutoka umbali wa mita kadhaa, hivyo stoo iliyokuwa inakula asubuhi nzima inaweza kumalizwa kwa dakika chache.

Faida kubwa zaidi iko mlangoni. Antena ikifungwa pale, kompyuta ikitolewa nje saa mbili usiku, mfumo unaandika wenyewe: kitu gani, mlango upi, saa ngapi. Siku ya ukaguzi, mtunza stoo ana cha kuonyesha zaidi ya maneno yake.

Sasa matatizo. Adui wa kwanza ni chuma. Stika ya kawaida ukiibandika moja kwa moja kwenye bati la jenereta, chuma kinaivuruga antena na stika inakuwa bubu. Maji nayo yanameza mawimbi. Mwaka 2003 Walmart ya Marekani iliwatangazia wauzaji wake 100 wakubwa kwamba ifikapo Januari 2005 waweke RFID kwenye katoni na paleti, na bidhaa za makopo na vinywaji zikawa kati ya zilizosumbua. Kwa vifaa vya chuma zipo stika maalumu zenye tabaka la kuitenga antena na chuma, ila bei yake ni mara nyingi ya ile ya kawaida, jambo ambalo baadhi ya wauza mifumo hulisema mkataba ukishasainiwa.

Halafu mashine inaitambua stika, siyo kitu chenyewe. Mjanja akiibandua kwenye projekta na kuiacha kwenye rafu, mfumo utaendelea kusema projekta ipo. Na kama rejista ya mwanzo ilijazwa ovyo, RFID itahesabu makosa yaleyale, kwa kasi tu.

Wengi pia hudhani stika hii inaweza kufuatilia kompyuta iliyoibiwa mpaka mtaani. Haiwezi. Ikishapita geti, kinachobaki kwenye mfumo ni mlango na saa ya mwisho kuonekana. Kujua iko wapi sasa hivi ni kazi ya kifaa cha GPS, chenye betri na laini yake ya simu.